Amini

Pumba za Kitere tulizichoma mara mbili;
jivu likabaki jeupe kuliko unga wa muhogo.
Likayeyuka kwa soda kali, tukalitilia asidi
tone kwa tone, likaganda kama uji uliosahaulika.

Ndiyo silika. Lakini silika ya silika ni kuachia:
vyumba tele, wazi, na hewa inapita bila hodi.
Somoe akafungua chupa, maabara ikanuka samaki.
"Sasa tunaipa amini."
Mchopa, mlinzi, akadakia dirishani: "Tuamini nini?"

Saa nane usiku umeme ukakatika.
Mchanganyiko ukapoa katikati ya kazi.
Tukaanza upya Jumanne.

Leo mizani imeongeza miligramu thelathini na moja.
Ni hewa ya Shangani tu, imepita kwenye mikorosho,
kwenye majiko, kwenye ekzosi za bodaboda,
na humu kuna kitu kimekamatwa.
Kesho tutaupasha moto huu unga, utatema, utashika tena.

Mchopa ameinama, anapumulia kisahani.
Namba inapanda.
"Hiyo yangu."
"Nusu ni mvuke," Somoe anasema,
ila penseli yake inaandika.