Wengineo

Ijumaa karani wa shule aliniletea sanduku la kura,
bawaba imekatika, mdomo umepinda.
"Redžo, fanya upesi, Jumapili ni uchaguzi."
Hakuuliza bei. Kakanj nzima inaijua bei yangu
na inajua nitapunguza.

Nikalilaza magotini kama mtoto mwenye homa,
nikatia lehemu, nikagonga polepole.
Baba alifua masufuria ya mji huu,
babu alipaka bati vyungu vya majeshi yaliyokuja yakaenda.
Hakuna jiko hapa lisilo na nyundo yetu ndani yake.

Jumapili nikavaa koti la harusi, nikapanga foleni.
Kura ninayo, asiniongopee mtu.
Napiga, tena mapema, kabla supu haijachemka,
karatasi naitumbukiza
katika mdomo nilioung'oa kutu mwenyewe.

Ila kiti cha urais hapa kina wakaliaji watatu:
Mbosniaki, Mserbia, Mkroati.
Katiba imewataja hao,
kisha, kama mwandishi aliyechoka
kuorodhesha wageni wa arusi,
ikamalizia: na Wengineo.

Wengineo ni mimi, Mroma.
Ni daktari Rifka Altarac, Myahudi, aliyenitoa jiwe la figo.
Ni kijana wa ghorofa ya pili, baba huku, mama kule,
aliyegoma kuchagua mzazi mmoja mbele ya karani.
Tunaruhusiwa kuchagua, si kuchaguliwa.
Kupika, si kuonja.

Binti yangu Sanela anasoma sheria.
Alinisomea hukumu ya mahakama ya Strasbourg:
huu ni ubaguzi. Neno lenyewe, halina chumvi.
Nikamwuliza, imetoka lini?
Akahesabu miaka kwa vidole, vidole vikaisha,
akaazima vyangu.

Urais wenyewe siutaki.
Magoti haya hayapandi hata ngazi za posta.
Nataka kuukataa mimi,
kwa kinywa changu,
nisikataliwe kwanza.

Saa nne usiku wakanigongea mlango:
kifuniko kimekwama, kura hazihesabiki.
Nikakuta mawakala wamelizunguka sanduku,
wa kila chama, mikono mifukoni,
hakuna anayethubutu kuligusa.
Wakanipisha.
Nikavuta kiti, nikaweka nyundo mezani,
nikaomba kwanza kahawa.