Gemu la Pazi

Nilitandika vigae vyumba vitatu kule Goba,
nikalipwa, nikashuka Kariakoo,
Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya pili, kwa Nassoro wa kompyuta.
Nikamwambia: lile la mpira, lenye boksi.
La kurushiwa kwenye flashi silitaki.
Nataka kitu mtoto akishike.

Akalipangusa vumbi kwa kiwiko.
Laki na themanini. Tukavutana mpaka laki na sitini na tano.
Nailoni yake haijachanwa,
inachakarika mkononi kama ganda la pipi.

Pazi alilifungulia kitandani,
taratibu, kama anayemenya yai la moto.
Ndani: plastiki nyeusi yenye kitako cha duara,
mahali pa sahani.
Sahani hakuna.
Kikaratasi kimoja, upana wa tiketi ya pantoni,
na herufi ishirini na tano zisizounda neno.

Mbuzi kwenye gunia angalau hulia.

Akaligeuza, akalitikisa, akachungulia tena.
"Mjomba, labda imedondokea dukani."
Nikampigia Nassoro. Akacheka, wala si kwa ubaya:
"Kaka, siku hizi ndivyo yanavyokuja. Gemu lenyewe liko huko."
Huko wapi?
"Huko," akasema, na mikokoteni ikammeza.

Basi tukaanza safari ya Huko.
Jina kwanza. Pazi, tukaandika.
Likakataa: jina hili lina mwenyewe.
Mwenyewe nani? Hili ni la babu yake,
tulimrithisha sisi, kwa ubani na uji wa mchele.
Akawa Pazi4417.
Nchi: tukateremka orodha mpaka herufi T.
Tajikistani, halafu Thailandi,
katikati hapakuwa na mtu.
Tukahamia Afrika Kusini usiku ule ule,
bila pasi, bila kuaga jirani.
Thibitisha kwamba wewe si roboti:
chagua picha zote zenye bomba la zimamoto.
Tukatazamana.
Mbagala Kizuiani moto ukiwaka tunabeba ndoo.

Kisha umri. Miaka kumi na miwili? Samahani, hairuhusiwi.
Pazi hakusita. Akabonyeza 1971.
Mimi ni wa themanini na nne.
"Shikamoo," nikamwambia.
"Marahaba," akajibu, macho kwenye kioo, hana habari.

Pakua, ikasema. Gigabaiti hamsini na nane.
Tukanunua bando la usiku,
saa sita mpaka saa kumi na moja alfajiri,
simu ikae dirishani juu ya kopo la maziwa
maana hapo tu ndipo mtandao unaposhika.
Asilimia tatu, nikaenda kulala.
Asilimia kumi na tisa, nikaenda chooni.
Umeme ukakatika.
Uliporudi tukaikuta tatu,
imekaa palepale kama mgeni asiyeaga.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ina daftari. Daftari liko kwao.

Mimi kigae nikikuwekea, umelipa, ni chako.
Kivunje ukitaka. Kimwagie mafuta ya taa.
Siji kukugongea saa nane za usiku
kukuuliza neno la siri la sebule yako.

Wiki mbili sasa.
Juzi Goba nilibakiwa na kipande cheupe,
mabaki ya kizingiti cha bafu.
Nikachora duara kwa kifuniko cha chupa ya chai,
nikalikata kwa grinda, nikalisaga kingo,
nikapima, nikasaga tena,
mpaka likakaa pale kwenye plastiki nyeusi
kana kwamba kiwandani walikuwa wakilingoja.

Pazi akalichukua boksi. Akalitikisa.
Likagonga.
Akacheka mpaka mama yake akaja mlangoni.
Halafu akageukia dirishani, akainama kusoma:
"Sitini na moja, mjomba.
Usiguse kopo."