Dodoso

Kijana wa takwimu kafika dukani saa nne,
kishikwambi mkononi,
viatu bado havijajuana na vumbi la Kizota.
Mwaka ujao, mama, biashara ya vifaa vya ujenzi
itapanda, itashuka, au itabaki palepale?
Nichague moja.

Keti kwanza, nikamwambia,
hapo juu ya ndoo ya rangi,
haijapata mnunuzi tangu Machi.

Umekiona kibao pale mlangoni?
Bei ya saruji nimeifuta kwa kiganja mara nne tangu Pasaka,
tarakimu za zamani zinachungulia nyuma ya mpya
kama mdai dirishani.

Mwaka juzi lori la nondo likishusha asubuhi,
adhuhuri nafagia kutu.
Mtumba ilikuwa inakula.
Ilikula kokoto, ikala mchanga,
ikala vijana wa Mpwapwa waliokuja na mwiko mmoja na blanketi.
Chilongani wa Mpunguzi aling'oa safu kumi na mbili za mizabibu
achimbe udongo wa tofali,
maana tofali lilikuwa tamu kuliko zabibu.
Leo ana shimo.
Ana tofali elfu tisa zisizo na mwenyewe,
na mzabibu, ukiupanda leo, hauzai kesho wala keshokutwa.
Kuna kisanduku cha hilo humo ndani?

Akatikisa kichwa. Akaandika kitu.

Pita Nala jioni uone nguzo,
nondo zimechomoza juu zikiiomba ghorofa ya pili,
mkono wa mwanafunzi aliyenyoosha kidole
na mwalimu ameshatoka.

Usiniulize saruji. Niulize misumari.
Anayejenga huchukua ya inchi nne, kilo tano, hahesabu.
Anayeziba huchukua ya bati, robo,
na huihesabu hapa hapa kaunta, mmoja mmoja.
Tangu Juni nauza robo.

Mkandarasi Ndahani ananidai subira,
mimi namdai milioni tatu na laki mbili.
Hati yake ya malipo "inashughulikiwa":
neno hilo nimelilisha watoto muhula mzima.
Mashine yake ya zege imelala uani, Nkuhungu,
na tumboni mwake kuku wa mkewe anaatamia,
mayai kumi na moja.
Juzi kapigiwa simu: choo cha shule, matundu sita, Chihanga.
Kaja hapa anacheka, halafu kanyamaza.
Anataka mifuko kumi kwa mali kauli,
na hajui amwambie nini kuku.

Nikampa minane.

Kijana akauliza: hiyo ni kupanda?

Tazama ule mwiko, pale juu ya shelfu ya bawaba.
Wa Sechelela, fundi plasta.
Ukuta alioupiga yeye, nzi huteleza.
Ni rehani ya elfu saba.
Kila Jumamosi huja kuutazama,
huufuta kwa ncha ya kanga, huurudisha,
hununua chumvi duka la jirani, huondoka.
Jumamosi iliyopita aliufuta
akawa haurudishi.
Ndahani alikuwa amesimama mlangoni, anatazama barabara.
Nami nikaona daftari linahitaji kupigwa mistari,
nikainama, nikapiga mistari ukurasa mzima,
nilipoinua macho shelfu ina alama ya mwiko
kwenye vumbi.

Na ule pale? akauliza kijana.
Ule alioacha jana asubuhi. Choo kimekwama.
Mchanga haujalipiwa.

Akabaki na kidole hewani juu ya kioo.
Mama, naomba nichague mimi?
Nikamuuliza, mkataba wako wewe unaisha lini?
Tarehe thelathini.
Wataongeza?
Akatazama viatu vyake, vimeshakuwa vyekundu.

Basi jaza unavyoona, nikasema,
ila nyanyuka polepole,
hiyo ndoo mfuniko wake haukazi.