Singa ya Arobaini na Moja

Pongwe, saa nne asubuhi, umeme umerudi.
Shekalaghe anayeyusha dumu la manjano
lililobeba mafuta ya kula; bado linanukia maandazi.
Mimi natumbukiza singa za mkonge, mojamoja,
kila moja na tone lake la plastiki,
milimita mbili, si zaidi,
naacha lipoe.

Kisha nabana. Kisha mashine inavuta.

Ya kwanza: nyutoni moja na robo. Imechomoka.
Ya pili: imechomoka.
Ya saba imetoka safi, kama kijiko kwenye uji,
na tundu iliyoliacha ni laini,
utadhani hapakuwahi kukaa mtu.
Naandika. Shekalaghe anasonya.

"Nta," namwambia. "Imezaliwa nayo.
Jani hujipaka mafuta lisinyonywe na jua.
Sasa litashikana na nani?"

Mwaka ule wa vitambulisho, ofisi ya kata,
mama aliweka dole gumba juu ya kioo.
Jaribu tena, kikasema kioo.
Akapangusa kwa khanga. Jaribu tena.
Akatemea mate, akapangusa. Jaribu tena.
Miaka ishirini na mitatu kwenye brashi,
singa zikimpita viganjani tani kwa tani,
ziliondoka na mistari yake yote.
Kijana wa mashine akauliza, wala si kwa ubaya:
"Mama, huna vidole vingine?"

Fungu la pili tuliliroweka kwenye magadi makali.
Tumelisuuza mara nne. Limepauka, lina mikwaruzo,
ukilipitisha shavuni linakuna.
Ya thelathini: nyutoni tatu,
imetoka na unjano mwilini.
Ya thelathini na tisa: tatu na nusu, ikilia.
Ya arobaini na moja
haikutoka.
Mshale ulipanda, ukapanda,
singa ikakatika hewani,
kisiki chake kikabaki ndani ya tone.

"Futa hiyo," anasema Shekalaghe, "haikupima kitu."
Ni kweli. Hesabu yetu ni ya zilizochomoka.
Naiandika hata hivyo, pembeni, kwa wino mwekundu:
imekatika, haikuachia.

Jioni nikampelekea mama lile tone.
Alivuta kile kisiki kwa kucha, akavuta kwa jino.
Halafu akakipitisha taratibu kwenye mdomo wa chini,
maana vidole havimwambii kitu siku hizi.

"Hii," akasema, "ina meno."