Goti la Kushoto

Mashine ya alama za vidole ilinikataa mara tatu.
Binti wa mapokezi akapangusa kioo, akanipangusa na mimi,
akasema, "Mama, bonyeza vizuri."
Nikabonyeza. Hamna kitu.
Utomvu wa korosho ulikwisha kuila michoro yangu
tangu mimba ya Chilumba.
Andika tu, nikamwambia: Somoe Nangomwa, wa Nanyamba,
mbanguaji.

Daktari Nyoni aliinua picha dirishani,
akanionyesha mfupa unavyosaga mfupa,
jiwe juu ya jiwe, nafaka hakuna.
"Dawa," akasema, "tutaitoa kwako wewe."
Nikacheka.
Miaka kumi na moja nawasha moto, nakanda kwa majani,
kumbe yenyewe inanizunguka mwilini
kama mgeni aliyekosa mlango?

"Na bei?"
Akaitaja.
Mimi fedha nazihesabu kwa kilo:
gunia zima na nusu yake,
kwa damu yangu mwenyewe, niliyoilisha ugali mwenyewe!
Chilumba akanifinya bega. "Mama, nyamaza, nalipa mimi."

Wakanifunga mpira mkononi, wakachota.
Kimashine kikaanza kuzunguka pale mezani,
kinavuma kama nyuki mikorosho inapochanua,
nami nikawaza mabibo:
tunavyokamua, tunavyoyaacha mtungini usiku kucha
mashapo yajiendee chini.
Ndivyo kichupa kilivyotoka.
Chini nyekundu nzito, nyeusi karibu,
juu manjano, manjano ya bibo bivu,
yametulia, yanaona hata mwanga.

Nilidhani nina rangi moja.

Sindano sisemi uongo, iliuma kuliko goti.
Nikamwita mama yangu,
aliyeingia kaburini na magoti yote mawili mabovu
na hakuna aliyemuuliza.

"Itaniponya?"
Nyoni hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.
"Wapo inaowasaidia. Wapo isiowasaidia.
Tuipe wiki sita. Usichuchumae."

Usichuchumae!
Basi aiambie korosho ipande mezani.
Akiambie choo cha Nanyamba kiote miguu.

Siku tatu goti lilivimba, likawa la moto kama kikaango,
nikamlaani daktari na ukoo wake,
nikaomba radhi, nikamlaani tena.
Jirani Asumini akasema gunia na nusu ningenunua mabati.
Sikumjibu. Mabati nilikuwa nayataka kweli.

Hii ni wiki ya tano.
Jana usiku mvua imekatika, nikatoka nje,
nimefika katikati ya uwanja
ndipo nikakumbuka:
ukuta sikuushika.

Nikasimama pale, kanga imelowa pindo,
naogopa hata kufurahi.
Wakati wa kurudi niliugusa kidogo, kwa kiganja tu.
Tumetoka mbali, mimi na ule ukuta.