Sekunde Nne

Kaseti ya kwanza aliiacha nesi Gerlinde,
mwaka ule barabara ya Masasi ilipokatika.
Mimi nilikuwa fundi wa jenereta, hospitali ya Ndanda,
Kijerumani changu cha karakana tu:
sange, shraube,
na "langsam" Bruda Odo alipopaza sauti.

Jina la bendi, alisema nesi, ni Sita na Robo.
Kwa saa zao.
Kwa zetu ni kumi na mbili na robo,
wakati nauwasha mtambo na wodi ya wazazi inapata taa.
Basi nikajua: hawa ni watu wa zamu yangu.

Vijana wanne wa mji wa viwanda,
gitaa linakwaruza kama bati likiburutwa kwenye saruji.
Somoe, mke wangu, akauliza:
huyu anayeimba anadai nini,
na nani kamkopa?

Mwezi wa pili redio ikaitafuna kaseti.
Nikakata utepe kwa wembe,
nikaunga kwa rangi ya kucha ya Somoe.
Sekunde nne zikaenda na taka.

Baadaye vifurushi, kila Gerlinde alipokumbuka.
Kaseti ya tatu ina mpiga ngoma mwingine,
ana haraka kama mtu aliyeacha ubwabwa jikoni.
Ya tano safi mno. Viwanja vinajaa, aliandika,
sasa wana basi lenye vitanda.
Mwaka huo korosho zetu zililala ghalani hadi zikaota ukungu;
sikuisikiliza zaidi ya mara mbili.
Kisha kampuni ikawatema.
Kisha wakagombana, mwimbaji akafungua duka la baiskeli.
Kisha barua fupi: wamerudi,
kumbi ndogo, watu mia mbili, wengine na watoto wao.

Nasi tukaletewa umeme wa gridi.
Jenereta likavishwa turubai.
Nililipasha moto kila Jumatano, lisisahau.

Juzi Gaudensi, mwanangu, kaja na simu.
Hao hapo: vipara, miwani,
yule wa besi kakalia kiti.
Wimbo wa kwanza wa kaseti ya kwanza.
Nikawa nagonga meza kwa kidole, niko nao, niko nao,
tukafika pale,
wakakata kona nisiyoijua:
gitaa moja, peke yake,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kubeba gunia.
Kidole changu kikatua mezani, hakuna mtu.

"Wamekosea," nikasema.
"Nirudishe, baba?"
"Rudisha."

Mara ya tatu nilielewa.
Somoe alikuwa mlangoni na ungo wake,
hakuuliza kitu.
"Rudisha tena," nikamwambia kijana.
"Uzee huo. Wanakosea palepale."