Hesabu za Julai

Ndolo huisoma baridi kwenye kioo chembamba.
Saa tatu asubuhi, kituoni Dagoretti Kona,
hufungua kisanduku cheupe chenye miguu mirefu
(mzinga wa nyuki, huniambia, ila hauna asali)
akaandika: tisa nukta nne.
Kisha hupitia kwangu Kawangware kununua makaa.

Mimi baridi huisoma kwa tini.
Chaki, nyuma ya mlango wa mabati:
mistari minne, wa tano umeilalia,
Julai juu ya Julai,
mahali manyunyu hayafiki.

Hubishana, mimi na yeye.
"Mwaka juzi ndio ulikuwa mkali," asema. "Saba nukta moja.
Nyasi za kituoni ziliamka na mvi."
Nahesabu. Kweli: tini mia mbili na kumi na nane.
Hata Nyaboke, anayeoga maji ya mfereji alfajiri na kutucheka,
alinikopa tatu.
Hapo kioo na chaki vimepatana.

Ila iko Julai moja inayotukosanisha.
Daftarini mwake ni mwaka mwanana,
nyuzi kumi na mbili, kumi na tatu,
jua likichungulia saa saba
kama mgeni asiye na hakika ya nyumba.
Mlangoni pangu, tini arobaini.
"Unaona?" Ndolo afurahi. "Hapakuwa na baridi.
Watu hawakununua."

Hawakununua.
Ndiyo Julai ile tingatinga lilipita kando ya reli
kabla ya chai.
Makaa yalikuwepo, Ndolo. Mahali pa kutua jiko ndipo hapakuwepo.
Nilizunguka na gunia, nikarudi nalo limejaa,
bega limekufa ganzi.
Nyaboke alimchemshia mtoto uji
kwa fremu ya mlango wake mwenyewe,
akiipasua polepole, kipande kwa kipande,
ufunguo bado umening'inia shingoni.

Ndolo akafunua daftari.
Safu ya juu kabisa, safu ya chini kabisa, mvua, upepo, mawingu.
Akalifunga.
Akaomba chaki.
Akasimama mbele ya mwaka ule, mkono juu,
kama mtoto aliyeitwa ubaoni na swali limemtoka.

Nje mtu alikuwa akigonga bati, anakohoa:
"Mama, unaweza kunipimia nusu tini?"
Miaka yote hii
sijapata kujua nusu huchorwaje.